Uchambuzi wa kisa: bendi ya Belfast iliyorekodi albamu 1980 ikaja kutoka 2010

Kisa ni cha kweli. Jina la bendi nimelitoa, majina ya wanachama, ya nyimbo zao na ya kampuni kubwa iliyowasaini nayo nimeyatoa, kwa hiyo humu ndani wataitwa "bendi" na "Kampuni" basi. Vya pembeni nimeviacha na majina yake, yani klabu, duka, bendi nyingine za wakati ule, sababu ukivitoa na hivyo hakibaki kitu cha kujifunza. Nawaandikia nyie mnaosimamia wasanii, au mnaopiga wenyewe na kuna karatasi mezani inasubiri saini.

Kwa kifupi: wameanza 1978, wamevunjika 1981. Singo moja, yani rekodi ndogo ya nyimbo chache, kwa lebo (kampuni ya rekodi) ndogo ya nyumbani, singo tatu kwa Kampuni, halafu albamu nzima iliyorekodiwa ikawekwa kabatini miaka 30.

Belfast ya wakati ule

Ukitaka kuelewa kwa nini walikimbilia London lazima ujue walikuwa wanatoka wapi. Belfast, mji mkuu wa Ayalandi Kaskazini iliyo chini ya Uingereza, miaka ya 70 ilikuwa vitani, hata kama serikali ilikuwa haipendi kuita vita. Mabomu, wanajeshi wa Uingereza mitaani, katikati ya mji pamezungushiwa mageti ya chuma na ukitaka kuingia kununua hata soksi unapekuliwa kwanza. Jioni maduka yakifungwa mji unabaki mtupu, kila mtu karudi kwao, Wakatoliki upande wao na Waprotestanti upande wao.

Muziki nao uliumia. Tarehe 31 Julai 1975 basi dogo la Miami Showband, bendi maarufu ya Ayalandi iliyokuwa na makao Dublin, lilisimamishwa usiku barabarani wakitoka kupiga shoo Banbridge, watu wenye silaha waliovaa sare za jeshi wakawaua wanamuziki watatu. Baada ya hapo bendi nyingi za nje zikawa zinaikwepa Ayalandi Kaskazini, na ukweli huwezi kuzilaumu. Oktoba 1977 The Clash, bendi ya London, wakaja, shoo yao ya ukumbi wa Ulster Hall ikafutwa dakika za mwisho kwa ishu ya bima, vijana waliokuwa wamekuja wakajikuta wamesimama nje Bedford Street hawana shoo wala pa kwenda, ila wakaangaliana wakaona kumbe tuko wengi hivi. Wengi wa kizazi kile wanautaja usiku ule kama ndo mwanzo wa panki, ule muziki wa gita wa kasi na kelele, wa Belfast, shoo ambayo haikupigwa.

Klabu za kutaja zilikuwa mbili, The Pound na Harp Bar ya Hill Street. Harp ilikuwa baa ya kawaida tu yenye ulinzi wa nondo mlangoni, lakini usiku wa panki watoto wa pande zote mbili za mji walikuwa wanakutana mule ndani, kitu ambacho shuleni hakikuwepo maana shule zenyewe zilikuwa zimegawanyika kwa dini.

Na kulikuwa na Terri Hooley. Alikuwa na duka la rekodi linaitwa Good Vibrations, Great Victoria Street, mtaa ambao mabomu yalikuwa hayaishi, na 1978 akaanzisha lebo yenye jina hilohilo. Mapenzi yalikuwa mengi kuliko mahesabu. Lakini tazama walivyofanya kazi: kava za mwanzo zilikuwa karatasi moja kubwa iliyochapwa, unaikunja mara kadhaa inakuwa mfuko wa singo, ukiikunjua unapata bango la ukutani. Watu wanakaa chini wanazikunja kwa mkono moja baada ya nyingine. Bei rahisi na inavutia, na hakuna mkutano wa kitengo cha masoko uliohitajika. Rudi walitoka kwanza, Victim na The Outcasts nao wakatoka, halafu Septemba 1978 wakatoka The Undertones wa Derry, mji mwingine wa Ayalandi Kaskazini, na singo yao ikapigwa na John Peel, mtangazaji wa BBC Radio 1, mara mbili mfululizo kipindi kimoja. Haikupita muda lebo ya Sire ya Marekani ikawasaini, wakaonekana Top of the Pops, kipindi cha muziki cha tivii ya BBC. Hapo kila dogo wa Belfast mwenye gita akaona mlango uko wapi.

Bendi na singo ya kwanza

Walikuwa wanne, magita mawili, besi na dramu, bado wanasoma. Muziki wao ni ule walioita niu wevu, yani watoto wa panki walioongeza melodi: nyimbo za dakika mbili na kitu, gita zinakimbia, sauti zinaitikiana kwenye kiitikio, habari za wasichana na mambo ya umri wao.

Uamuzi wa kwanza wa kuangalia uko hapohapo. Hawakuimba vita. Stiff Little Fingers, bendi nyingine ya mji uleule, walikuwa wanaimba wanajeshi na mabomu, na magazeti ya muziki ya London yalikuwa yanakula hiyo habari kama njugu. Hawa wakakataa, kama Undertones nao walivyokataa. Sababu naielewa, ukiishi ndani ya kitu kila siku Ijumaa usiku unataka kukisahau. Kisanii naona walikuwa sahihi, na ndo maana nyimbo zile hazijazeeka. Kibiashara ilikuwa na gharama yake ambayo ilikuja kujitokeza baadaye, maana mwandishi wa London akimpata dogo wa Belfast anataka stori ya Belfast, asipopewa anabaki na "bendi nyingine yenye gita" na anazo ishirini mezani.

Mwisho wa 1978 wakatoa singo ya nyimbo tatu na Good Vibrations. Haraka, hela ndogo, inasikika kama wanne ndani ya chumba kimoja. Ikapendwa, na lebo ya Rough Trade ya London wakaichukua wakaitoa tena ili ifike mbali zaidi ya mikono ya Hooley. Kwa bendi ya wanafunzi yenye miezi kadhaa tu huo ni mwanzo mzuri sana na sioni walichokosea mpaka hapo.

Kampuni inaingia

1979 Kampuni ikawasaini. Ni kampuni kubwa ya London yenye mkono nchi nyingi, na wakati ule ilikuwa tayari ina bendi za Uingereza za mkondo huohuo zinazoingia kumi bora.

Kwa nini wakasaini? Jiweke kwenye nafasi ya mtu wa miaka 17 au 18 Belfast mwaka 1979. Ajira hakuna ya maana, mji unafungwa saa kumi na mbili, bendi iliyopita mlango uleule kabla yako imeonekana kwenye tivii, na Good Vibrations yenyewe haina uwezo wa kukubeba zaidi ya singo. Advansi, yani hela unayopewa mbele, inamaanisha vyombo, gari, pa kulala. Mimi sioni kama walidanganywa. Walikuwa na sababu na kwenye karatasi zilikuwa nzuri.

Ila kulikuwa na njia ya pili na ilikuwa wazi mbele yao, sio mimi naitunga leo. Februari 1979 Stiff Little Fingers walitoa albamu yao ya kwanza kwa Rough Trade, lebo huru isiyo na uhusiano na wakubwa, ikafika namba 14 kwenye chati ya Uingereza, ikauza zaidi ya kopi 100,000, lebo huru ilikuwa haijawahi kufanya hivyo. Rough Trade hiihii iliyokuwa imetoa tena singo ya bendi yetu. Namba za simu wanazo! Tofauti ni kwamba Stiff Little Fingers waliingia kwa kampuni kubwa wakiwa tayari na albamu, bendi yetu ikaingia ikiwa na singo tu, na hilo nitalirudia chini sababu ndo kiini cha mambo yote.

London na singo tatu

Wakahamia London kikazi. Kutoka Belfast wakati ule ni gari mpaka Larne, meli mpaka Stranraer, halafu unaanza kuteremka Scotland na Uingereza nzima barabarani, kwa hiyo huwezi kuwa unaenda na kurudi kila wikiendi. Wakafungulia bendi kubwa kwenye ziara, yani kupiga kabla yao, wakapewa prodyuza mwenye jina zito.

Singo ya kwanza ya Kampuni ikatoka 1979, ya pili mwaka huohuo, ya tatu 1980. Hakuna hata moja iliyoingia chati.

Sasa kwa wasiojua ule mfumo ngoja niueleze maana bila huo hesabu haieleweki. Chati ya Uingereza kipindi kile ilikuwa inaandaliwa na shirika la utafiti wa soko, British Market Research Bureau, kwa kukusanya mauzo kutoka kundi la maduka yaliyochaguliwa. Nafasi 75. Ukiingia humo Radio 1 mchana wanaanza kukufikiria, ukipanda kidogo tivii wanakuita, na ukionekana tivii Alhamisi basi Ijumaa na Jumamosi watu wako dukani. Usipoingia hakuna mchana wa redio wala tivii wala nafasi mbele ya kaunta, unabaki na John Peel usiku na mashabiki wako. Kwa hiyo kampuni kubwa zilikuwa na kanuni ambayo hata haiandikwi: singo zikigoma, albamu inasubiri. Wanaona albamu bila singo iliyotembea ni kuongeza hasara juu ya hasara.

Na mwaka wenyewe ulikuwa mbaya. Juni 1979 serikali mpya ya Thatcher ilipandisha VAT mpaka asilimia 15 kwa hiyo rekodi zikapanda bei usiku mmoja, Novemba riba ikafika asilimia 17, hela ya mfukoni ya vijana ikakauka. Kampuni za rekodi zikaanza kukaza mkanda. EMI yenyewe, ile EMI ya Beatles, ikanunuliwa na kampuni ya Thorn mwishoni mwa 1979, Decca, kampuni nyingine ya rekodi, ikauzwa 1980. Ukiwa bendi ndogo ndani ya jengo kubwa wakati kama huo, na kwenye korido hiyohiyo kuna bendi zilizokutangulia zinauza malaki, unadhani bajeti ya promo inaenda wapi.

Kuhusu sauti. Nimezisikiliza zote kwa mpangilio, ya Belfast kwanza halafu za London. Za London zimepigwa vizuri zaidi, dramu ziko wazi, sauti za kuitikia zimepangwa, na nyimbo zenyewe ni nzuri, moja kati ya zile tatu naiona bora kuliko ya kwanza. Ila kuna kitu kimesafishwa zaidi ya inavyotakiwa, ule mwendo wa kutaka kuanguka haupo tena. Wengine wanalalamika kwamba prodyuza ndo aliua bendi, mimi siendi mbali hivyo, singo iliyosafishwa inaweza kabisa kuingia chati na nyingi za mwaka ule ziliingia.

Amerika, na albamu

Mapema 1980 wakapelekwa Marekani. Ukiangalia tarehe unaona mantiki: kiangazi cha 1979 The Knack wa Los Angeles walikaa namba moja kule kwa wiki sita na wimbo wa gita, melodi na wasichana, na ghafla kila kampuni ikawa inatafuta vijana wanne wenye gita na mashati ya kubana. Bendi yetu ilikuwa hasa kitu hicho. Wakapiga New York kwenye klabu iliyokuwa inavuma, mwongoza filamu wa kwao akawafuata na kamera, na ukiona zile picha unaona bendi iliyoiva: wanapiga kwa kasi, hawasimami kati ya nyimbo, watu mbele wanaruka. Nasisitiza hili kwa sababu kuna stori inayozunguka kwamba jukwaani walikuwa hawajawa tayari. Ukishaiona hiyo filamu huwezi kusema hivyo.

Mwaka huohuo albamu ikarekodiwa. Nzima, imekamilika.

Haikutoka.

Kuvunjika, na kilichofuata

1981 bendi ikavunjika. Hakukuwa na ngumi wala kesi kwenye magazeti. Umri wao ulikuwa miaka 20 hivi, mkataba hauna maana tena, mtindo wa muziki umehama kwenye sinthesaiza (vinanda vya umeme) na nywele za kupulizia, na kila mtu akaendelea na maisha yake. Mmoja wao aliishia redioni kama prodyuza na akafanya kazi nzuri huko miaka mingi. Good Vibrations ya Hooley nayo ikafilisika 1982, kwa hiyo hata ule mlango wa kurudi nyumbani ulikuwa umefungwa.

Halafu miaka ikapita, wakusanyaji wa singo za panki na niu wevu wakaanza kuzigombania zile rekodi nne, bei zikapanda, na 2010 lebo ndogo ya New York ikaitoa ile albamu kwa mara ya kwanza. Watu wakaipenda, bendi ikarudi jukwaani ikiwa na watu wazima wenye mvi, na baadaye wakarekodi vitu vipya. Kwa hiyo mwisho wake sio msiba. Lakini ni miaka 30.

Hesabu, kwa wanaopenda hesabu

Hizi namba ni mfano niliotunga mimi ili kuonyesha mashine inavyozunguka, sio namba za bendi hii.

Tuseme kampuni kubwa imetumia pauni 20,000 kwenye studio, prodyuza na advansi. Mrabaha wa msanii mpya tuseme ni asilimia 8 na albamu ni pauni 5, kwa hiyo bendi inapata senti 40 kwa kopi, na hizo senti 40 haziji mfukoni, zinaenda kulipa deni la 20,000. Gawanya: kopi 50,000 ndo bendi inaanza kuona senti yake ya kwanza. Na kabla ya hapo kwenye mikataba mingi ya enzi zile kuna makato ya kava, kuna kopi za bure, kwa hiyo kiuhalisia ni zaidi.

Njia ya pili, ya akina Rough Trade, ilikuwa nusu kwa nusu ya faida baada ya gharama. Tuseme umerekodi kwa pauni 3,000 sababu huna prodyuza mkubwa, na kila kopi ikishalipiwa kuchapa na kusambaza inabakiza pauni 1 na nusu. Kopi 2,000 zimerudisha gharama. Kuanzia hapo kila kopi ni senti 75 za bendi, ukiuza 10,000 bendi imebaki na pauni 6,000 mkononi. Kopi 10,000 kwa kampuni kubwa ni aibu, mtu anafukuzwa kazi. Kwa lebo ndogo ni sherehe na albamu ya pili.

Kumbuka tu kwamba ile njia ya pili haikupi gari, haikupi pa kulala London, na msambazaji akianguka unaanguka naye. Haikuwa pepo.

Nini kilifanya kazi

Kasi ya mwanzo. Kutoka kuanzisha bendi mpaka singo dukani ni ndani ya mwaka mmoja, wakati mji una mageti ya chuma. Hilo liliwezekana kwa sababu mtu wa lebo alikuwa anakaa mtaani kwao, anawaona Harp, anajua nani anacheza vizuri, hakuhitaji kutumiwa kaseti.

Kukataa kuuza vita pia naliweka hapa, ingawa nimesema lilikuwa na gharama. Bendi kadhaa za kipindi kile zenye nyimbo za matukio leo unazisikiliza kama gazeti la zamani. Za hawa unaweza kumpigia mtu wa miaka 16 kesho akazielewa.

Na kupiga sana jukwaani. Ziara, Amerika, kufungulia wakubwa, vyote walivifanya bila kuvunjika katikati.

Nini kiliharibu

Wengi wakikisimulia hiki kisa wanasema ni bahati na muda. Mtindo ulibadilika, 1979 Gary Numan tayari yuko namba moja na sinthesaiza, mwisho wa mwaka ni The Specials na Madness na ska, muziki wenye asili ya Jamaika, bendi ya gita na melodi ikapitwa. Kuna ukweli. Lakini mimi hii hoja sinunui nzima, na sababu yangu iko Dublin.

U2, bendi ya Dublin, walisainiwa na lebo ya Island Machi 1980. Mwaka ule wakatoa singo tatu za Island, ya Mei, ya Agosti na ya Oktoba. Hakuna hata moja iliyoingia chati ya Uingereza. Singo tatu, sifuri, sawasawa kabisa na bendi yetu, kisiwa kilekile, mwaka uleule wa riba ya juu, nao ni bendi ya gita ya vijana wa miaka 18 mpaka 20. Na Oktoba 1980 albamu yao ya kwanza ikatoka hivyohivyo. Haikupasua chochote mwanzoni. Lakini ilikuwepo dukani, redio za vyuo Marekani zikawa na kitu cha kupiga, mwandishi akawa na kitu cha kuandika, na walipozunguka Marekani kulikuwa na albamu ya watu kununua. 1983 albamu ya tatu ikakaa namba moja Uingereza.

Sisemi bendi yetu ingekuwa U2, tusichekeshane. Nasema singo kugoma hakukutosha kuiua bendi kama albamu inatoka. Bendi yetu ilienda New York, watu wakaruka, na walipotoka nje jasho likiwatoka hawakuwa na albamu ya kununua. Ziara nzima ya Amerika inakuwa hela ya kutangaza bidhaa ambayo haipo. Hapo ndo naona kosa kubwa kuliko yote, na halikuwa la muziki, lilikuwa la ratiba: albamu ilitakiwa itangulie ziara, hata kama ni ya nyimbo kumi zilizorekodiwa kwa wiki mbili.

Kosa la pili liko kwenye aina ya mkataba ambao kampuni kubwa zilikuwa zinawapa vijana siku zile. Kampuni inajifunga kulipia kurekodi. Kutoa ni hiari yake. Masta, yani tepu zenyewe za kurekodia, ni mali yake. Weka hivyo vitatu pamoja uone: unaweza kurekodi kazi bora ya maisha yako, ikawa ya mtu mwingine, na huyo mtu halazimiki kuionyesha kwa yeyote, na wewe huruhusiwi kuirekodi upya kwingine kwa muda fulani. Mtu wa miaka 18 anasoma ukurasa wa advansi, huo mwingine haufiki. Na ninaposema siku zile najua mnacheka, kuna wasanii hapa mjini wana nyimbo ziko kwenye kompyuta ya studio fulani na hawawezi kuzitoa mpaka leo.

Mimi nikikaa upande wa bendi naomba sentensi mbili tu ziongezwe, na niko tayari kupunguza advansi ili nizipate. Kwanza, albamu iliyokabidhiwa ikiwa imekamilika itolewe ndani ya miezi sita, kwa idadi ya kopi iliyotajwa kwa namba. Pili, isipotolewa bendi ina haki ya kuzinunua masta kwa bei isiyozidi gharama ya kurekodi, na haki hiyo inakaa hata bendi ikivunjika. Kampuni ikikataa ya kwanza ijadili, ikikataa na ya pili basi ujue tayari wamefikiria siku ya kukuweka kabatini. Kuna The Blades, bendi nyingine ya Dublin ya miaka hiyo, kampuni kubwa iliwaacha wakiwa na albamu mkononi na lebo yao ya nyumbani, Reekus, ikaja kuitoa 1985. Kwa hiyo kurudisha tepu nyumbani kuliwezekana hata wakati ule, ila lazima pawepo na mtu upande wako mwenye nia na lebo inayopumua. Belfast 1982 hakuwepo.

La tatu ni kuhama mji, na hili sina uhakika nalipimaje. London iliwapa studio na ziara. Iliwatoa pia mahali ambapo watu mia mbili walikuwa wanawajua kwa majina. Stiff Little Fingers nao walihama na hawakufa, kwa hiyo kuhama peke yake sio sumu. Nadhani kilichouma ni kuhama mapema, kabla hawajawa na kitu kikubwa cha kwao mkononi, ukifika London na singo moja wewe ni mmoja wa foleni.

La nne ni dogo ila linaudhi: hakuna aliyekuwa anapanga mambo ya miaka miwili mbele. Singo hii, halafu ile, halafu Amerika, halafu studio. Kila hatua peke yake ina sababu nzuri, ukizipanga mstari mmoja haziendi popote.

Na albamu yenyewe ikoje? Sio kito kilichopotea kama wakusanyaji wanavyopenda kusema, ambao wakilipa hela nyingi kitu lazima kiwe kito. Nyimbo tano hivi ni kali kweli, tatu ni za kujaza, na upande wa pili unachoka kidogo kabla haujaisha. Ni albamu ya kwanza ya kawaida ya bendi nzuri. 1980 ingepata maksi saba kati ya kumi kwenye magazeti, ingeuza kiasi, na watu wangesubiri ya pili.